Mshipa Uliobaki na Mshipa Usiokuja

Wanangu, kila mmoja aweke vidole viwili shingoni, pembeni ya koromeo, chini kidogo ya taya. Gusa taratibu, upande mmoja tu. Usibonyeze, wala usishike pande zote mbili kwa pamoja. Sasa tulia kidogo. Umeusikia? Kuna kitu kinadunda chini ya ngozi. Huo ni mshipa mkubwa wa damu uitwao karotidi, na kila unapodunda, damu mpya inapanda kwenda kichwani.

Inapanda kwa haraka kwa sababu anayeisubiri hana subira. Ubongo wa mtu mzima una uzito wa takribani kilo 1.4, yaani kama sehemu 2 kati ya 100 za mwili mzima. Hata hivyo unatumia karibu sehemu 20 kati ya 100 za oksijeni yote tunayovuta, na kila dakika unapitisha kiasi cha robo tatu ya lita ya damu. Msuli wa mguu unaweza kukaa bila damu kwa muda, ukafa ganzi, kisha ukarudi. Ubongo hauna akiba. Damu ikikatika kabisa, kwa sekunde kumi hivi mtu anazirai. Ikikatika kwa dakika chache, seli zinaanza kufa, na seli za ubongo zikishakufa hazirudi.

Ndiyo maana mwili haukutegemea mshipa mmoja. Uliweka minne, miwili mbele na miwili nyuma. Ya mbele ni hizo karotidi mlizozigusa. Kila moja ikifika karibu na taya hugawanyika: tawi la nje linalisha uso na ngozi ya kichwa, na tawi la ndani linapenya mfupa wa fuvu na kuingia kwenye ubongo. Mishipa miwili ya nyuma hamuwezi kuigusa, kwa kuwa imejificha ndani ya mifupa. Inapanda ikipita kwenye matundu ya pingili za shingo, pingili baada ya pingili, kisha inaingia kichwani kwa tundu kubwa lililo chini ya fuvu. Huko ndani inaungana kuwa mshipa mmoja uitwao basila. Mishipa hiyo miwili ya nyuma tuiite ateri za pingili; ateri ni mshipa unaotoa damu kwenye moyo. Karotidi ndizo zinazobeba mzigo mkubwa, kama sehemu 80 kati ya 100 za damu ya ubongo, na zilizobaki huletwa na ateri hizi za nyuma.

Chini ya ubongo, mishipa ya mbele na ya nyuma hushikana kwa matawi mafupi, mpaka inafanya mzunguko. Mzunguko huo huitwa duara la Willis.

Thomas Willis alikuwa daktari katika mji wa Oxford, Uingereza. Mwaka 1664 alitoa kitabu kikubwa kuhusu ubongo, na baadhi ya picha zake zilichorwa na rafiki yake Christopher Wren, yule yule ambaye baadaye alisanifu Kanisa Kuu la Mtakatifu Paulo jijini London. Willis hakuwa wa kwanza kuona kwamba mishipa ya chini ya ubongo imeungana. Fallopio wa Italia alikwisha kuandika habari zake miaka mia moja kabla, na Wepfer wa Uswisi miaka sita tu kabla. Lakini Willis aliuliza swali ambalo wenzake hawakulifikisha mwisho: muungano huu una kazi gani?

Jibu alilipata kwa maiti. Alimfanyia uchunguzi mtu mmoja aliyekufa kwa uvimbe tumboni. Alipofungua kichwa, akakuta karotidi ya kulia imekakamaa na kuziba. Kwa hesabu ya kawaida, upande mzima wa ubongo wa mtu yule ulipaswa kuwa umekufa zamani, naye awe amepooza. Lakini alikuwa ameishi na akili zake timamu bila kiharusi. Willis akaendelea kutazama, na nyuma akaona jambo lililomshangaza: ateri ya pingili ya upande ule ule wa kulia ilikuwa imenenepa mara tatu kuliko mwenzake wa kushoto. Damu ilikuwa imezunguka kwa nyuma, ikapita kwenye duara, ikafika mbele. Ili kuhakikisha, Willis na wenzake walipiga bomba la maji yenye wino kwenye karotidi ya upande mmoja, na wino ukatokea upande wa pili.

Mshipa wa mtu yule uliziba ukubwani. Ninaotaka muwafahamu leo ni watu waliozaliwa na ramani ya mishipa isiyofanana na ya wengine. Kabla sijaendelea, mjue kwamba hata duara la Willis lenyewe, lile linalochorwa vitabuni likiwa kamili na pande zote mbili sawa, si la kila mtu. Zaidi ya nusu ya watu hawana duara la namna hiyo: huyu tawi moja ni jembamba, yule tawi moja halipo kabisa. Hizo ni tofauti za kawaida, na hapa darasani huenda wengi wenu mnazo. Adimu ni hizi ninazokuja nazo, na ili kuzielewa lazima turudi nyuma hadi siku ambazo mama zenu walikuwa hawajajua kama wana mimba.

Moyo wa mtoto huanza kudunda yapata siku ya 22 baada ya mimba kutungwa. Ifikapo siku ya 28 hivi, kiinitete kina urefu wa milimita 4 au 5. Chukueni rula mwone milimita 5 ni kiasi gani. Katika mwili wa kiasi hicho, ubongo umekwisha anza kujijenga, na tayari unadai damu. Mbele hakuna shida kubwa, kwa sababu karotidi zimefika. Tatizo liko nyuma. Ateri za pingili hazijakuwapo bado, na mahali ambapo basila itakuja kukaa pana mishipa miwili myembamba ambayo haijaungana. Sehemu ya nyuma ya ubongo ndiyo itakayosimamia kupumua na mapigo ya moyo, kwa hiyo haiwezi kuachwa ingoje.

Mmekwisha ona mahali daraja jipya linapojengwa. Kwanza huchongwa njia ya mchepuko pembeni ili magari yasikwame. Daraja likifunguliwa, mchepuko hufungwa, na baada ya muda nyasi zinaota hadi usijue kama palipita gari. Mwili nao hufanya hivyo hivyo. Kutoka kwenye karotidi unatoa mishipa mifupi inayoelekea nyuma, ipeleke damu kwa muda. Mmoja unafuatana na neva ya trijemina, ile inayotufanya tuhisi uso. Mmoja uko jirani na sikio. Mmoja unafuatana na neva inayoendesha ulimi. Na mwingine uko chini zaidi, pale kichwa kinapoungana na shingo. Mishipa hii huishi kwa wiki moja hivi. Matawi ya kudumu ya duara yakishakomaa na ateri za pingili zikishafika, yenyewe inasinyaa na kutoweka. Wa sikio hutangulia, wa ulimi na wa trijemina hufuata, na ule wa shingoni ndio wa mwisho.

Kila mmoja wenu alikuwa nayo. Ilikuja, ikafanya kazi, ikaondoka, na hakuna aliyejua.

Tunaijua kwa undani leo kwa sababu ya mwanamke mmoja ambaye hata hakuwa daktari. Dorcas Padget alikuwa mchoraji wa picha za kitabibu huko Johns Hopkins, mjini Baltimore, Marekani. Kazi yake ilikuwa kumchorea Walter Dandy, mmoja wa madaktari wakubwa wa upasuaji wa ubongo wa zama zake. Kwa kuchora mishipa ya wagonjwa, akawa na maswali: kwa nini huyu ana tawi ambalo yule hana? Akaenda kwenye hazina ya viinitete iliyohifadhiwa na Taasisi ya Carnegie, viinitete vilivyokatwa vipande vyembamba mno na kubandikwa kwenye vioo vya hadubini. Alivikagua kipande kwa kipande, akafuata kila mshipa ulikotoka na ulikokwenda, kisha akauchora upya kana kwamba kiinitete ni kizima. Mwaka 1948 akachapisha kazi yake, ikionyesha hatua kwa hatua jinsi ateri za kichwa zinavyojengwa. Madaktari wa mishipa ya ubongo wanaitumia hadi leo. Ninyi mnaokaripiwa kwa kuchora pembeni ya daftari, jina lake mlishike.

Sasa, mara mojamoja mchepuko haufungwi. Mtoto anazaliwa, anakua, anasoma, anaoa au anaolewa, na mshipa wa wiki ya nne bado upo kichwani unapitisha damu. Unaobaki mara nyingi zaidi ni ule wa trijemina. Richard Quain wa London aliueleza mwaka 1844, na kwa hesabu za sasa hupatikana kwa mtu 1 hadi 6 kati ya 1000. Katika shule yenye wanafunzi elfu moja, basi, si ajabu kumkuta mmoja. Ule wa ulimi ni adimu zaidi. Hata katika watu elfu moja unaweza usimpate hata mmoja. Kuhusu ule wa sikio, wataalamu bado wanabishana kama kweli umewahi kubaki kwa mtu mzima yeyote.

Je, mwenye mshipa kama huo anaumwa? Kwa kawaida hapana. Anaweza kuufikia uzee bila kujua kwamba anao. Ila mwili una tabia ya kutojenga kile usichokihitaji. Kwa kuwa damu ya nyuma inaletwa na mchepuko, ateri za pingili na sehemu ya chini ya basila mara nyingi hubaki nyembamba. Mtu huyo sasa anaitegemea karotidi kwa mbele na kwa nyuma. Daktari wa upasuaji akiifunga karotidi yake kwa muda ili aisafishe, akidhani nyuma kuna damu ya kutosha, anaweza kuiumiza sehemu ya ubongo asiyoifikiria kabisa. Ndiyo maana mtaalamu anayesoma picha akiuona mshipa huu hauachi upite hivi hivi. Anauandika kwenye ripoti, hata kama mgonjwa alikuja kwa sababu nyingine.

Huo ndio mshipa uliobaki. Kuna na mshipa usiokuja.

Mwaka 1787 daktari aitwaye Tode aliandika juu ya maiti aliyoipasua na kukuta karotidi ya ndani ya upande mmoja haipo. Haikuwa imeziba wala kusinyaa. Haikuwahi kujengwa. Hali hii ni adimu sana: hupatikana kwa chini ya mtu 1 kati ya 10,000, na mara nyingi upande unaokosekana ni wa kushoto. Kosa lake hutokea kati ya wiki ya tatu na ya tano ya kiinitete.

Utajuaje kwamba mshipa haukuwahi kuwapo, na si kwamba ulikuwapo ukafa? Mfupa ndio unaosema. Ukipata nafasi ya kushika fuvu la maabara, ligeuze chini juu. Katikati utaona tundu kubwa la uti wa mgongo. Sogeza macho mbele kidogo, kulia na kushoto, kwenye mfupa wa panja. Kila upande una tundu la mviringo lenye upana wa milimita chache tu, na ukichungulia utaona linapanda, kisha linapinda kuelekea ndani. Hiyo ndiyo njia ya karotidi. Mtu anaweza kudhani mfupa ulitengeneza tundu kwanza, kisha mshipa ukapita. Ni kinyume chake. Mshipa hutangulia ukiwa laini kabisa, na mfupa huja baadaye na kujijenga kuuzunguka. Mshipa usipokuja, mfupa hauna cha kuzunguka, na tundu halifanyiki. Kwa hiyo daktari anayeshuku jambo hili huipiga picha mifupa ya chini ya fuvu. Akiona upande mmoja una tundu na mwingine umeziba tangu asili, hana haja ya kuuliza zaidi. Mimi sijui ushahidi mwingine mwilini ulio wazi namna hii: mfupa mgumu wa mtu mzima unatunza kumbukumbu ya jambo lililotokea akiwa na urefu wa milimita 5.

Mtu wa namna hii anaishije? Kwa ile ile njia aliyoiona Willis. Damu ya karotidi iliyopo inavuka mbele kwenda upande wa pili, na damu ya basila inapanda kutoka nyuma, zinakutana kwenye upande uliokosa. Kwa kuwa ubongo ulianza maisha hivyo hivyo, matawi hayo hunenepa mapema na kuzoea kazi. Wengi hugunduliwa kwa bahati, baada ya kuanguka kwenye pikipiki au kupigwa picha kwa ajili ya maumivu ya kichwa yasiyohusiana. Wachache wana dalili usoni tangu utotoni: kope ya jicho moja imelegea kidogo, mboni yake ni ndogo kuliko ya jicho la pili, na rangi ya jicho hilo ni hafifu. Nyuzi za neva zinazoinua kope na kupanua mboni hupanda zikiwa zimejishikiza kwenye karotidi. Karotidi isipokuwapo, nazo hukosa pa kushika.

Ziko pia njia zisizotarajiwa. Baadhi ya watu hupata damu kwa mshipa unaokatiza katikati ya fuvu, chini ya tezi ya pituitari, kutoka upande wenye karotidi kwenda upande usio nayo. Tezi hiyo ikiota uvimbe, madaktari huuondoa kwa kupitia puani. Fikirini daktari anaingiza vyombo vyake hapo bila kujua kwamba mbele yake kuna ateri ambayo kwa watu wengine haipo. Mtu huyo akikatwa mshipa huo, amekatwa riziki ya nusu ya ubongo.

Kwa wanyama wengine, kukosa karotidi ya ndani ndiyo kawaida. Hapa kuna kisa kinachotuhusu sisi wa Afrika Mashariki kwa karibu, tunaofuga mbuzi na kuishi na swala. Mbuzi, kondoo, ng'ombe, swala na twiga, wakishakua, hawana karotidi ya ndani inayofanya kazi kama yetu. Damu yao hufika kwenye ubongo kupitia wavu wa ateri ndogo ndogo zilizosukana chini ya ubongo. Wavu huo umezungukwa na damu ya vena, yaani mishipa inayorudisha damu kwenye moyo, iliyopoa kwa kupita puani, na hivyo damu inayoelekea kwenye ubongo hupoa kabla ya kufika. Mwaka 1972, Taylor na Lyman waliandika utafiti wao juu ya swala tomi, wale wadogo wenye mstari mweusi ubavuni mnaowaona Serengeti na Maasai Mara. Swala akikimbia, joto la mwili wake hupanda kiasi cha kutisha, lakini ubongo wake unabaki na joto la chini kuliko damu inayotoka kwenye moyo. Anamkimbia duma huku kichwa chake kimepoa.

Galeni, tabibu mashuhuri aliyefanya kazi Roma katika karne ya pili, aliuona wavu huu kwa wanyama aliowapasua, akafundisha kwamba na binadamu anao. Neno la Galeni lilikuwa zito, na kwa zaidi ya miaka 1,300 likafundishwa hivyo. Miaka ya 1520, Berengario da Carpi wa Bologna alitangaza kwamba ameutafuta kwenye vichwa vingi vya watu na hajauona. Kisha Vesalius, katika kitabu chake cha mwaka 1543, akakiri jambo ambalo mimi namheshimu kwalo: alipokuwa akipasua kichwa cha mtu mbele ya wanafunzi, alikuwa akiweka kando kichwa cha mwanakondoo au ng'ombe, ili awaonyeshe wavu ambao kwa mtu haukuonekana. Aliona kwa macho yake kwamba haupo, na bado aliogopa kumpinga mkubwa. Baadaye akaacha kuogopa.

Basi binadamu hana wavu. Lakini karne ya ishirini, madaktari, wengi wao Japani, walianza kukutana na mtu mmoja mmoja ambaye sehemu ya karotidi yake ya ndani haikujengwa, na mahali pake pana wavu wa ateri ndogo unaofanana na ule wa mbuzi. Haupozi ubongo kama wa swala. Ni njia ya dharura ambayo mwili uliifungua ulipokosa mshipa mkubwa. Ni katika hali adimu kabisa zinazojulikana kwenye mishipa ya kichwa.

Waliwezaje kuiona kwa mtu aliye hai? Hadi mwaka 1927, yote niliyowasimulia yangeweza kujulikana kwa maiti tu, kwa sababu eksirei huonyesha mfupa na haionyeshi damu. Mwaka huo, mjini Lisbon, Egas Moniz alifaulu kuingiza kwenye karotidi ya mgonjwa dawa yenye iodini, ambayo eksirei haipenyi, na papo hapo picha ikapigwa. Mishipa ya ubongo ikatokea kwenye filamu, myeupe, mpaka vitawi vyake. Mikono ya Moniz ilikuwa imelemazwa na ugonjwa wa gauti, hivyo msaidizi wake Almeida Lima ndiye aliyefanya kazi ya vidole. Siku hizi vipo vipimo vya CT na MRI, na kwa MRI mishipa inaweza kuonekana hata bila kuchomwa sindano.

Nisiwadanganye kwamba mambo haya yote ni salama. Mishipa inayobeba damu nyingi kuliko ilivyopangiwa huchoka kwenye kuta zake. Pale penye udhaifu ukuta hututumka, na hali hiyo madaktari huiita aneurisimu. Kwa watu wa kawaida hupatikana kwa 2 hadi 4 kati ya 100. Kwa waliokosa karotidi moja, ripoti zinaonyesha kwamba hufika kati ya robo na theluthi yao. Aneurisimu ikipasuka, damu humwagika kuzunguka ubongo, na hapo ni suala la uhai na kifo. Kwa hiyo mtu akishajulikana ana hali hii, hapasuliwi kwa sababu tu ya kuwa tofauti. Anafuatiliwa kwa picha, shinikizo la damu linadhibitiwa, na sigara anaambiwa aachane nayo.

Na kuna aina ambayo haisubiri. Wapo watoto ambao ateri zao humwaga damu moja kwa moja ndani ya vena ya kiinitete iliyopaswa kutoweka, iliyo jirani na ile yenye jina la Galeni. Damu inakimbia kwa kasi, haipiti kwenye vimishipa vidogo vya kuipunguzia nguvu, na moyo wa mtoto unachoka siku za kwanza tu za maisha. Mwezi Machi 2023, madaktari wa Boston, Marekani, walimtibu mtoto wa hali hiyo akiwa bado tumboni, mimba ikiwa ya wiki 34. Sindano ilipita kwenye tumbo la mama, ikapita kwenye fuvu la mtoto, ikafika kwenye vena hiyo, na kupitia hapo wakaingiza nyuzi ndogo za metali za kupunguza kasi ya damu. Siku chache baadaye mtoto alizaliwa, na moyo wake ulikuwa ukifanya kazi vizuri.

Mtoto akizaliwa tofauti, katika mitaa yetu maneno huanza mapema: mama alikula nini, alivuka wapi, nani alimwangalia vibaya. Mmeona sasa mengi ya mambo haya yanaanza lini. Ni wiki ya tatu, ya nne, ya tano, wakati mama mwenyewe bado anahesabu siku akijiuliza. Hakuna mama anayeweza kuusimamia mshipa wa kiinitete cha milimita 5 uende kulia au kushoto. Mkisikia mtu anamlaumu, mwambieni hivyo kwa adabu.

Na jambo moja nawaomba mlifanye hata mkiwa wadogo. Mkiwa nyumbani au shuleni, mtu akapatwa ghafla na maumivu makali ya kichwa ambayo hajawahi kuyapata maishani, au uso ukalegea upande mmoja, au mkono ukakosa nguvu, au maneno yakaanza kumtoka ovyo, msimwache alale kidogo aone kama itapita. Msimpe chakula, maji wala dawa, maana huenda asiweze kumeza. Angalieni saa ilipoanzia, mwiteni mtu mzima, apelekwe hospitali wakati huo huo. Kitu cha kwanza daktari atakachouliza ni muda ule, na huenda mwenye kuujua ni wewe peke yako.